Msafiri Ni Wewe, Mimi Narudi

"Unakwenda wapi?"

"Si unajua ninakokwenda."

"Kwenye kiti hicho mtu hujibu swali. Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Nesi aliweka kalamu chini akamtazama. Katika kliniki ile ya wasafiri alikuwa amewahoji watu wa kila namna: maharusi waliokwenda fungate, wahandisi waliotumwa migodini, mabibi waliokwenda kuona wajukuu huku mizigo yao imeshawashinda kabla ya kutoka mlangoni. Wote walipoulizwa swali lile walitaja nchi. Huyu peke yake, ambaye ndiye roho yake ilimpenda, alikalia kiti cha sindano amekunja mikono kifuani, uso mkavu, akasema nyumbani.

"Nyumbani si nchi, Fundi."

"Kwangu mimi ni nchi. Andika."

Hakuandika. Alijiuma mdomo ili asicheke, maana akicheka tu Fundi angejua ameshinda, na mwanaume yule akishajua ameshinda alikuwa hashikiki.

Alikuwa fundi wa lifti. Majengo yote marefu ya mji ule wa baridi yalimjua, na ndani ya lifti ya jengo moja kati ya hayo ndipo mapenzi yao yalipozaliwa. Lifti ya jengo la kliniki ilikuwa imekwama katikati ya ghorofa, Nesi yumo ndani peke yake, taa imezimika, pumzi zinamwishia kwa hofu. Aliupiga mlango mpaka viganja vikawaka. Kisha akasikia sauti ya mwanaume ng'ambo ya chuma, tulivu, haina haraka: "Dada, usisukume mlango. Nipo hapa nje. Kaa chini, uniambie umekula nini leo." Akakaa chini. Akasema mkate na yai. "La kukaanga au la kuchemsha?" sauti ikauliza, na wakabishana habari za mayai mpaka mlango ukafunguka akaona mikono yenye grisi, na juu ya mikono hiyo macho yanayocheka. Tangu hapo alikuwa akiwaambia watu kwamba aliipenda sauti kabla hajamwona mwenyewe.

Sasa mwenyewe alikuwa anakwenda kwao, nchi ya joto aliyoiacha akiwa kijana, kumwomba dada yake mkubwa ridhaa ya ndoa. Nesi angemfuata baadaye, mwenzake wa zamu akirudi kutoka likizo. Hilo halikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa juu ya vidonge.

"Humezwa kila siku baada ya chakula," alisema. "Unaanza kabla ya kuondoka, unaendelea ukiwa huko, na ukirudi huachi siku hiyohiyo, unaendelea kwanza."

"Kwa hiyo dada yangu akinikumbatia pale uwanjani, nimwambie samahani, nipe maji nimeze dawa ya kwenu?"

"Mwambie dawa ya mbu."

"Mbu wa kule wananijua, Nesi. Utotoni tuliumwa, tukalala, tukaamka tukaenda kucheza mpira. Nani alimeza dawa za kukaa kwao?"

"Walikuwa wanakujua. Umekaa huku miaka kumi na miwili. Mbu hata njia ya kuja huku hawaijui. Ule mwili uliokuwa umezoea umeshasahau. Unasikia ninachokuambia? Mtu wa aina yako tunamhofia kuliko mtalii. Mtalii ana hofu, anameza. Wewe huna."

Fundi alitabasamu lile tabasamu la upande mmoja lililokuwa likimshinda Nesi kila mara. Lakini siku ile Nesi alijikaza.

"Lifti ikikaa imesimama miaka kumi na miwili," alimwuliza, "utampandisha mtu siku hiyohiyo?"

"Simpandishi hata paka."

"Kwa nini?"

"Kamba huchoka hata kama hazifanyi kazi. Lazima zikaguliwe."

"Basi mimi hapa nakagua kamba."

Nesi aliona maneno yamemwingia Fundi, akaona na macho yake yakimtazama kwa namna iliyomfanya asahau kwamba mlango wa chumba ulikuwa wazi na watu walikuwa foleni. Kisha Fundi akatikisa kichwa taratibu.

"Lakini lifti haina kwao," akasema. "Msafiri ni wewe. Mimi narudi."

Nesi alicheka. Alicheka kwa sababu alimpenda, na kwa sababu jibu lilikuwa zuri, na alidhani mtu ukicheka naye mmeshaelewana. Mpaka leo akikumbuka kicheko kile hutamani angekimeza.

Mfamasia, mzee mpole mwenye miwani ya kamba, aliingia na pakiti mbili mkononi. "Ni hizi za mwisho," alisema. "Msimu wa likizo umetukomba, na mzigo mwingine umechelewa huko uliko. Hii ya bwana, hii yako. Mkikaa kule kuliko mlivyopanga, mtanisamehe."

"Ukitoa vya kumeza nikirudi, yangu inatosha wiki mbili," Nesi alisema. "Zikiisha narudi kazini."

"Wiki mbili?" Fundi aligeuka. "Dada yangu hamzoei mtu kwa wiki mbili. Hata mimi sijui kama ameshanizoea."

"Vidonge ndivyo vinavyoamua, siyo mimi."

Fundi alizichukua pakiti zote mbili, yake akaitia mfukoni, ya Nesi akaitia ndani ya kipochi cha buluu chenye zipu ambacho Nesi alikuwa akibebea vitu vyake, akasema atamfikishia nyumbani kwa kuwa Nesi alikuwa bado yuko zamu. Nesi alimshukuru. Alipotoka kliniki jioni alikikuta kipochi mezani kwake kimefungwa zipu vizuri, akakitupia ndani ya begi la safari bila hata kukifungua.

Jioni hiyo walimpigia Dada Mkubwa, simu imewekwa sauti ya juu katikati ya meza. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na huwezi kuongea naye bila kuongea na cherehani yake pia. Iliunguruma nyuma ya kila neno, ikinyamaza pale tu alipotaka jambo limwingie mtu.

"Shikamoo, dada," Nesi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unamlisha mdogo wangu dawa. Anaumwa?"

"Haumwi, dada. Ni za kuzuia."

Cherehani ikanyamaza. "Kuzuia nini? Kuzuia sisi?"

"Hapana, dada. Homa ya mbu."

"Huyu nimemlea mimi tangu mama yetu alipofariki. Homa zake zote nimezikesha mimi, nikamkanda mimi. Leo anarudi kwangu na dawa ya kujikinga na nyumba yangu. Majirani nitawaambia nini? Kwamba ameoa mganga?"

"Dada, bado hajaoa," Fundi aliingilia akijaribu utani.

"Ndiyo maana nasema mapema. Mwanamke akianza kukutia hofu ya kwenu, mwisho atakutenga na kwenu. Sina ubaya na wewe, mwanangu. Nasema ninachokiona. Njoo peke yako kwanza, mdogo wangu. Tuongee kama watu tuliolala chumba kimoja."

Simu ilipokatika Nesi aliinuka akaenda kuosha vikombe visivyokuwa na uchafu. Fundi alimfuata, akasimama nyuma yake, kidevu juu ya bega lake.

"Maneno yake usiyaweke moyoni."

"Sijayaweka moyoni. Nataka uniahidi."

"Nimekuahidi mangapi leo?"

"Hili moja. Utameza."

"Nitameza," alisema, na akambusu shingoni, na maji yakaendelea kutiririka juu ya kile kikombe kisafi.

Siku ya safari, mbele ya mlango wa abiria, hakumngoja amkumbushe. Alitoa kidonge kimoja mfukoni, akakimeza kwa chupa ya maji ya Nesi, kisha akafungua mdomo wazi, ulimi nje, ili akaguliwe mbele ya halaiki. Mama mmoja aliyekuwa akisukuma toroli alisimama kutazama. Nesi aliona haya na furaha kwa pamoja.

"Umeridhika, mkaguzi?"

"Nimeridhika."

"Nikifika nitakuandalia njia. Ukija utamkuta dada ametulia kama nguo iliyopigwa pasi." Akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu, muda uliozidi kidogo ule wa watu wanaotarajia kuonana. "Nataka ukae kule mpaka akuzoee. Mpaka uchoke. Sawa?"

"Wiki mbili," Nesi alisema.

"Tutaona," akajibu, na akaingia ndani akitembea kinyumenyume hadi mlinzi akamgeuza bega.

Basi likawa penzi la simu. Kila jioni akitoka kazini Nesi alikaa dirishani akapiga. Alisikia cherehani, alisikia vyombo, alisikia watu wakija kumwona mgeni wasiyetaka kumwita mgeni. Fundi alikuwa na furaha ambayo Nesi hakuwahi kuisikia kwenye sauti yake, na ilimuuma kidogo kwamba furaha ile haikuwa yake.

"Unalala na chandarua?"

"Nalala kibarazani na wenzangu, tunapiga soga mpaka usingizi utukute hukohuko. Kuna upepo, mbu hawathubutu."

"Umemeza?"

"Nimemeza. Vichungu kama roho ya mwenye nyumba wangu."

Nesi alicheka. Baadaye, akiwa anajipangia nguo, ilimjia kwamba vidonge vile vimefunikwa ganda laini na havina uchungu wowote. Alisimama na nguo mkononi. Kisha akajisema mwenyewe kwamba anatafuta makosa, kwamba Dada Mkubwa huenda alikuwa na haki juu ya watu wa hofu, akaikunja nguo akaendelea.

Siku zikasogea. Mara moja Fundi alisema jua limempiga kichwa. Kesho yake akasema viungo vimechoka kwa sababu ya kubeba marobota ya dada. Alisema kwa kucheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na aliaga upesi, yeye ambaye kukata simu kulikuwa mtihani. Dada amekubali, alisema. Amekubali, njoo tu. Habari ile ilikuwa tamu mno hata Nesi hakuuliza swali alilozoea kuwauliza wasafiri wanaorudi: una homa?.

Mchana wa siku mbili kabla ya safari yake, alikaa kitandani, begi wazi mbele yake, glasi ya maji pembeni. Ulikuwa wakati wa kuanza kumeza na yeye. Alikitoa kipochi cha buluu, na kabla hajakifungua vidole vilimwambia jambo. Kilikuwa kimenona.

Alivuta zipu. Ndani mlikuwa na pakiti mbili.

Moja ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa na tundu moja tupu. Kidonge kilichokuwamo ndani ya tundu lile alikiona kwa macho yake kikimezwa mbele ya mlango wa abiria, na ulimi ukatolewa nje.

Nesi hakulia, bado. Aliiangalia pakiti ile na akaelewa yote kwa mkupuo, namna yote ilivyokuwa rahisi. Vidonge ndivyo vinavyoamua, alikuwa amemwambia. Akaona mwanaume mwenye mapenzi na asiye na hofu akikaa mezani kwake jioni ile, anaongeza vidonge vyake juu ya vya mpenzi wake, anafunga zipu, anafurahi kwamba amempatia wiki nyingine za kukaa na dada. Hakukuwa na hila ndani yake. Ilikuwa zawadi.

Na ule mchoko. Na lile jua lililompiga kichwa.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, akahesabu pumzi zake mwenyewe, ikapokewa.

"Haloo."

Ni Dada Mkubwa. Nyuma yake kulikuwa kimya. Nesi hakuwahi kusikia nyumba ile bila cherehani, na kimya kile kilimwingia mifupani kabla hajasikia neno.

"Shikamoo, dada. Naomba kuongea naye."

"Amelala. Ana homa kidogo tu, mafua ya kwenye ndege, si mnakaa kwenye baridi ninyi. Nimemkanda maji, nimempa dawa ya maumivu, asubuhi homa ilishuka kabisa. Akaamka akanywa uji."

"Na sasa?"

"Sasa imerudi."

"Anatetemeka?"

"Nimemfunika mablanketi yote ya nyumba hii."

"Dada, anaongea? Maneno yake yanaeleweka?"

Sauti iliyojibu safari hii haikuwa ya mtu aliyezoea kuwakemea watu. "Ameniita mama," alisema. "Nimemwambia mimi ni dada yako, akasema sawa mama."

Nesi alishika ukingo wa kitanda. Moyo ulitaka kupiga kelele, lakini alikuwa nesi, na sauti yake aliifanya ndogo na tulivu, kama aliyoisikia siku moja ng'ambo ya chuma.

"Dada, nisikilize. Inuka sasa hivi, mtafute mtu mwenye gari. Hospitali, siyo duka la dawa. Wampime damu leo hii. Na waambie kitu kimoja, usikisahau: waambie amekaa miaka kumi na miwili mahali pasipo na mbu. Wamtibu kama mgeni."

"Mgeni? Amezaliwa chumba hiki."

"Najua, dada. Sisemi kwamba hamuijui homa hii. Ninyi mnaijua. Yeye ndiye ameisahau."

Alisikia pumzi. Alisikia mlango ukisukumwa, kandambili zikikimbia uani, Dada Mkubwa akimwita jirani kwa sauti iliyopasuka katikati. Kisha akarudi simuni, anahema.

"Gari linakuja. Mwanangu, nikuambie." Alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Aliniambia vile vidonge amekuachia wewe. Alisema nikishakuzoea nitakupenda, ila ninachukua muda. Nikamsifu. Nilimwambia sasa umekuwa mtu mzima. Nilimsifu kwa mdomo wangu."

"Dada, hayo baadaye. Mwekee simu sikioni nikiwa hewani. Asilale njiani. Mwongeleshe."

Kukawa na mvutano wa watu wanaobeba mzigo mzito wanaoupenda. Shika miguu. Kichwa, kichwa. Mlango wa gari. Injini. Kisha kitu kikakwaruza karibu na simu, na Nesi akaisikia pumzi aliyoifahamu kuliko yake, fupi, kavu, meno yakigongana.

"Fundi."

Pumzi tu.

"Fundi, ni mimi. Niambie umekula nini leo."

Gari liliruka shimo. Dada Mkubwa alisema jibu, baba, jibu, mwenzio anakuuliza. Nesi alifumba macho akabana simu kwenye sikio hadi likauma.

"Dada," Fundi alisema.

Hakuwa anamwita Dada Mkubwa. Sauti ilikuwa mbali lakini ilikuwa tulivu, haina haraka, na ya heshima, namna mtu anavyomwita mwanamke asiyemjua.

"Dada, usisukume mlango. Nipo hapa nje."

Nesi aliteleza kutoka kitandani akakaa sakafuni, pakiti za vidonge zikaanguka kutoka mapajani. Machozi yalikuwa yameshamshinda.

"Sisukumi," alisema. "Nimekaa chini, kama ulivyoniambia."

"Usiogope."

"Siogopi. Nakusikia."

"Umekula nini leo?"

"Mkate na yai."

Alingoja. Alisikia honi, alisikia mtu akipigia kelele waliokuwa mbele wapishe njia, alisikia Dada Mkubwa akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu kwa sauti ya juu zaidi.

"La kukaanga," Fundi alianza, na hakumaliza.

"La kuchemsha," Nesi alisema kwenye simu. "La kuchemsha, Fundi. Niulize tena."